Jukwaa Liko Mlangoni Petu

Hotuba kwa wakazi wa katikati ya mji, kisiwani Mombasa

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu na dada zangu, majirani wa mtaa mmoja, na nyinyi mliohamia kisiwani hivi karibuni: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuishi mjini na kuzifaidi sanaa zetu za maonyesho, nami nitaanza na jambo ninaloliamini kwa moyo wangu wote. Anayeishi katikati ya Mombasa, kuanzia Kizingo na Ganjoni mpaka Kibokoni, Kuze, Bondeni na Majengo, ana fursa ambayo mtu wa Likoni, wa Changamwe au wa Mtwapa huipata kwa taabu. Onyesho likiisha saa nne au saa tano za usiku, yeye hurudi kwake kwa miguu. Mwenzake wa Likoni anaiwaza feri. Wa Mtwapa anaziwaza matatu zinazopungua na nauli inayopanda kadiri usiku unavyoingia. Kwa hiyo huondoka kabla mwimbaji hajaufikia ubeti uliokuwa ukingojewa, na hakuna wa kumlaumu. Sisi hatuna udhuru huo. Hata hivyo, ukumbi unapokuwa na viti vitupu, aghalabu viti hivyo ni vyetu sisi tunaokaa hatua chache kutoka mlangoni.

Sanaa za maonyesho za Mombasa zililelewa na watu waliokaa karibu. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga juu ya vita, njaa, mapenzi na siasa za Mvita, yaani Mombasa yetu kwa jina lake la kale, na watu wa Mvita ndio waliokuwa wa kwanza kuyachukua maneno yake na kuyapeleka mdomo kwa mdomo. Baadaye, karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, ngoma ya beni ilichipuka katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa: vijana wakavaa sare, wakapiga tarumbeta na ngoma kwa kuigiza bendi za wanajeshi, wakapita mtaa baada ya mtaa huku kila kundi likitaka kulipita jingine kwa unadhifu na kwa kelele. Wanawake nao walikuwa na ngoma yao, lelemama. Katika kisiwa hiki vyama vya Banu Saada na Ibinaal Watan vilishindana kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa karamu, na kwa mafumbo ambayo upande wa pili haukuweza kuyanyamazia. Baadhi ya wanawake waliopata uzoefu wa uongozi katika vyama vya ngoma ndio waliokuja kuendesha vyama vya maendeleo vya wanawake Waislamu katika miaka ya 1950, na hili nalitaja kwa heshima, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ngoma ni upuuzi wa kupitisha wakati. Mashindano ya aina ile huhitaji hadhira inayojua nani amemlenga nani, na hadhira hiyo haitoki mbali, ni majirani.

Taarab ndiyo iliyourithi undani huo, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa hakuna sanaa inayoonyesha vizuri zaidi kazi ya msikilizaji. Taarab ya Mombasa ina sura nyingi. Zein l'Abdin, aliyetoka Lamu na kufariki mwaka 2016, aliupiga udi kwa ufundi uliomfanya asikilizwe mbali sana na mwambao huu, na mashairi aliyoyachagua yalikuwa na uzito wa fasihi ya kale. Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alizichukua lahani za filamu za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, malenga aliyekuwa fahari ya Mvita. Sauti ya Bhalo ikapanda na kushuka mahali ambapo wengi wetu tusingethubutu hata kuifikisha. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma wao waliisogeza taarab karibu na chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ikawa na mwendo wa haraka, na katika muziki wao ukasikika mlio mkali wa taishokoto, ala ya nyuzi yenye asili ya Japani ambayo hubonyezwa kwa vitufe kama vya taipureta. Duka na kampuni ya Assanand ya hapa mjini ilitoa sahani nyingi za muziki wa mwambao kwa nembo ya Mzuri, na kwa njia hiyo sauti zilizozaliwa katika vichochoro vyetu zikafika mbali.

Lakini sahani haiwezi kukuonyesha jinsi watu wanavyotunza. Mwimbaji anapokikaribia kipokeo, mwanamke aliyekaa safu za nyuma huinuka taratibu, akaitengeneza leso yake begani, na noti akaishika kwa vidole viwili juu kidogo ya kichwa. Anapokwenda mbele haendi kwa kukimbia. Kila hatua inaangukia pigo la dumbaki, na mabega yanafuata. Katikati ya safari hiyo fupi anapita mbele ya kiti cha mtu fulani, anapunguza mwendo, na hamtazami. Kisha anafika jukwaani, anaitoa noti, na mwimbaji anayeijua kazi yake anaurudia mstari ule ule kwa mara nyingine, safari hii akiuvuta zaidi. Wapiga fidla wanamngojea. Ukumbi mzima umeshaelewa nani amesema nini na nani, isipokuwa mgeni, ambaye anadhani ameona mtu akitoa zawadi. Ndiyo maana nawashauri mliohamia hivi karibuni msikae peke yenu pembeni. Kaeni karibu na mama mtu mzima anayeufahamu mji, mumwamkie kwa adabu, na baada ya nyimbo mbili tatu atawaeleza mwenyewe bila kuulizwa.

Naomba pia tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya sanaa hii haina tiketi wala tangazo, kwa sababu makao yake ni harusini. Katika Mji wa Kale na Majengo, mwezi wa Shaabani unapofika, na tena kuanzia Mfungo Mosi baada ya Ramadhani kwisha, utayaona maturubai yamefunga njia na viti vya kukodi vimepangwa mpaka kwenye kona. Hapo utakutana na vugo, wanawake wakipita kwa maandamano huku wakizigonga pembe za nyati kwa vijiti, mlio wake mkavu ukikatiza kati ya nyumba na nyumba kabla hujaona watu wenyewe. Utakutana na kirumbizi, wanaume wawili wakikabiliana kwa bakora katikati ya duara, zumari ikiwachochea, na kila mmoja akijua kwamba hodari ni yule anayemtisha mwenzake bila kumuumiza. Ndani, kwa wanawake peke yao, kuna chakacha na vibwebwe vilivyokazwa kiunoni. Jirani hualikwa, na asiyealikwa kwa kadi hualikwa kwa kuitwa dirishani. Mwaliko huo una masharti yake, na la kwanza ni simu. Katika shughuli za wanawake, simu hukaa mkobani. Picha moja iliyotoka nje ya ua imevunja ujirani wa miaka mingi katika mitaa hii, na mwenye shughuli akikutaka uizime, mshukuru kwa kukuheshimu kiasi cha kukwambia. Kadhalika, unapoalikwa kwenye maulidi katika Mfungo Sita, ukasikia matwari na kasida zinazosisimua mwili, kumbuka kwamba ile ni ibada, nawe nenda kwa adabu ya ibada.

Sasa nije kwenye ukumbi wenye mapazia. Mombasa ina bahati ya kuwa na Little Theatre Club hapa kisiwani, jukwaa lililoanzishwa na Waingereza wakati wa ukoloni kwa ajili ya tamthilia zao, na ambalo tangu hapo limepokea vizazi vya waigizaji Wakenya. Wanaoujaza ukumbi huo zaidi siku hizi ni wanafunzi. Vikundi vya maigizo huziandaa tamthilia teule zinazotahiniwa katika shule za sekondari, nazo shule huleta watoto kwa mabasi, wengine wakitoka Kwale na Kilifi alfajiri. Mkipata nafasi, ingieni katika onyesho moja la namna hiyo hata kama mmeshapita umri wa sare. Watoto wale wanaijua tamthilia kwa moyo. Mhusika mwovu akijitokeza, wanamzomea kabla hajafungua kinywa. Mwigizaji akisita kidogo kwa makusudi, utasikia safu nzima ikilinong'ona neno linalofuata, naye anawaachia walimalize kisha anaendelea kutoka hapo walipolifikisha. Ni furaha kubwa kuliona hilo, na pia linanipa wasiwasi, kwa sababu mwigizaji huyo huyo akiandaa tamthilia yake mwenyewe ya jioni, inayohusu ardhi, au ndoa, au dawa za kulevya zinazotumalizia vijana, hupata watu wachache mno. Sisi watu wazima tumeiacha tamthilia iwe somo la mtihani.

Wengi wa waigizaji hao hufanya mazoezi baada ya kazi nyingine. Mchana mmoja yuko dukani, mwingine yuko bandarini, mwingine anafundisha. Jioni hukutana ukumbini au kwenye uwanja wa shule na kurudia onyesho lile lile mpaka taa zizimwe. Kodi ya ukumbi hulipwa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Taa na vipaza sauti hukodiwa. Kwa hiyo naomba kwa dhati tuachane na tabia iliyozagaa miongoni mwetu tulio na uwezo, ya kumpigia msanii simu siku ya onyesho kumwuliza kama ametuwekea nafasi ya bure kwa sababu tunafahamiana. Kufahamiana ndiko kunakotupasa kulipa, tena mapema, ili ajue kwamba kodi itatimia.

Wale wasiopenda kufungiwa ndani wana nafasi pia. Bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kupokea sherehe za Mashujaa za mwaka 2019, ina jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia zinazoelekea bahari. Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, kuna Swahilipot Hub, ambapo vijana husoma mashairi, huimba, huigiza na kuchekesha, na huzungumza Kiswahili cha leo kilichochanganyika na Kimvita cha nyanya zao. Fort Jesus yenyewe, au Ngomeni kama tunavyopaita, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, hupokea maonyesho mara kwa mara, na kusikiliza udi ukijibiwa na kuta zile za matumbawe ni jambo ninalolitakia kila mtoto wa Mombasa walau mara moja. Ila fahamuni majira. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, usiku ni mkavu na bahari imetulia, na hapo ndipo maonyesho ya nje hupendeza. Masika yakishuka, na kusi ikianza kuvuma, upepo wa baharini huibeba sauti ya mwimbaji. Basi wahini mapema mkae mbele, na mchukue mtandio.

Siwezi kuzungumzia sanaa za mji huu nikawasahau Wamijikenda, kwa maana Mombasa ni mji wao pia, na wengi wenu mliomo humu ni wao. Misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu palipokuwa vijiji vyao vya kale, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zinazohusiana na kaya hizo zikawekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hatari ipo kweli, lakini ngoma hizo bado ziko hai, na watu wa mjini wengi wamezitazama tu katika bustani za mahoteli, zikiwa zimefupishwa ili watalii wawahi chakula. Zitafuteni katika siku za utamaduni, katika mashindano ya shule, na katika sherehe za kitaifa, ambako vikundi hupewa muda wa kutosha. Msikilizeni mpiga zumari wa Kidigo katika ngoma ya sengenya. Mtazameni mashavu: yanajaa hewa na kubaki yamejaa, maana anavuta pumzi kwa pua huku akiendelea kupuliza kwa mdomo, na sauti haikatiki hata kidogo, wakati ngoma zilizopangwa kwa sauti mbalimbali zinapeana zamu chini yake. Ukiwa karibu utaona jasho linamtiririka mpaka kidevuni na hana mkono wa kulifuta. Gonda ya Wagiriama nayo, wanawake wakiwa wamevaa hando, sketi zao za marinda, na mabega yakitikisika kwa pamoja, haiwezi kueleweka kwa dakika tano. Na zipo ngoma kama mwanzele, ambazo wenyewe huzicheza pia katika matanga. Hizo tusiziagize kwa ajili ya kupamba mikutano yetu bila kuwauliza wazee wao kama inafaa.

Nimeombwa pia niliguse suala la kelele, na sitalikwepa. Majengo marefu yamepanda kila upande, na wengi tuliomo ndani yake tulikuja kwa sababu mji una uhai. Kisha usiku wa kwanza ngoma inapolia chini ya dirisha tunatafuta namba ya askari. Mgonjwa ana haki ya kulala, mtoto wa mtihani ana haki ya kusoma, na mwenye zamu ya alfajiri bandarini ana haki ya kupumzika. Hata hivyo, naona ni dhuluma kwa mtu aliyefika juzi kuudai mtaa uliocheza vugo tangu enzi za babu za wenyewe ukae kimya kama hospitali. Njia iliyowafaa wengi ni ile ya kale: mwenye shughuli hupita mlango kwa mlango siku kadhaa kabla, hutaja siku na saa ya kumaliza, na huisimamia ahadi yake. Jirani akiarifiwa, huwa mgeni. Vipaza sauti vya kisasa ndivyo vinavyohitaji kudhibitiwa, kwa sababu vimeifanya ngoma ya mtaa mmoja isikike mitaa mitatu, na hata muziki wenyewe huharibika. Udi na dumbaki havikuumbwa kwa ajili ya spika zenye kimo cha mtu.

Kuhusu habari za maonyesho, najua lalamiko ni kwamba tunazisikia yakiwa yamepita. Redio za hapa, kama Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma, hutangaza mengi, na vikundi vya sanaa vina kurasa zao mitandaoni. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, nayo imekuwa ikiandaa matamasha na kuwakutanisha wasanii wa Pwani na wa nje. Pamoja na hayo, ninapendekeza kila jengo letu lenye wakazi wengi litenge ubao mmoja hapo chini penye ngazi, pasibandikwe matangazo ya nyumba za kupanga wala ya waganga, pabandikwe maonyesho ya mwezi: nini, wapi, saa ngapi, kiingilio gani. Bawabu anaweza kukabidhiwa kazi hiyo, na vijana wa jengo wakamsaidia. Ninapendekeza pia kwamba waandaaji waanze kwa saa waliyoitangaza. Onyesho lililotangazwa saa moja na nusu likaanza saa tatu limewafukuza wenye watoto, na hao ndio tunaowahitaji kuliko wote, kwani mtoto aliyelala mapajani mwa mamaye huku fidla ikipigwa ameshaanza kufundishwa.

Jambo la mwisho ninaloliomba linahusu wale niliowataja mwanzo, wanaokaa ng'ambo. Kila mmoja wetu ana shangazi Likoni, au binamu Kisauni, au rafiki Mikindani, ambaye anaipenda taarab au tamthilia kuliko sisi na hajaiona hadi mwisho kwa sababu ya usafiri. Tukijua kuna onyesho zuri mwisho wa wiki, tumwite mapema, tumnunulie tiketi pamoja na yetu, na tumtandikie mkeka au godoro sebuleni alale. Asubuhi atapanda feri au matatu akiwa ameshakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, na mazungumzo ya usiku uliopita yatakuwa bado hayajakwisha. Walio tayari kuanza na mwezi ujao, karatasi ya majina iko mezani kwa katibu, na nawaomba msiondoke kabla hamjajiandikisha pamoja na wageni wenu.

Ahsanteni sana.